Muzee wa Topo na Fishi ya Watu Kumi na Tisa

Sijawahi kumsikia akisalimia darasa. Alikuwa anaingia, anafunga dirisha la upande wa ziwa, anafungua tena dirisha lilelile kwa mkono wake mwenyewe, anafuta ubao ambao ulikuwa safi, kisha anauliza, "Tulifika wapi?" Asipojibiwa, anakaa. Nimemwona akikaa robo saa nzima mbele ya wanafunzi sitini, mikono juu ya magoti, bila hasira, mpaka mmoja akapekua daftari na kusoma mstari wa mwisho wa juzi. Hapo alisimama na kuendelea.

Tulimwita Muzee wa Topo. Topo ni topografia, kazi ya kupima ardhi: mteremko, urefu, maji yatapita wapi na barabara itazama wapi. Hakuwa profesa. Mgeni akimwita "Prof" alimjibu, "Hayuko, amesafiri," na kuendelea na chaki yake. Alinifundisha miaka mitatu, kisha nikawa msaidizi wake miaka tisa, katika chuo kimoja cha hapa Goma, kule Keshero. Sasa hafundishi tena. Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, najikuta kila mara nimeanza na ile fishi.

Fishi ni karatasi tu: majina, pointi, saini. Mwaka ule mji ulipopinduka kwa vita, chuo kilifungwa majuma mengi, na wanafunzi kumi na tisa wa mwaka wa mwisho wakabaki wamesoma nadharia yote bila pratiki hata ya siku moja. Hawakuwa wamewahi kuweka jicho kwenye nivo, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi. Wakubwa wa chuo walitaka mwaka uishe. Wakaamua kila mmoja apewe kumi na mbili juu ya ishirini, achukue diploma yake, mambo yaende mbele. Ilibaki saini ya mwalimu, na mwalimu akakataa. Mimi ndiye niliyetumwa kumlainisha. Nilikwenda kwake mara nne. Nitafika huko, lakini kwanza mjue nilitumwa kwa nani.

Alikuwa anatoka Ndosho kwa miguu kila asubuhi. Moto, yaani pikipiki za abiria, zilikuwepo, na madereva wa Ndosho walimjua wote. Tatizo ni kwamba alikuwa anahesabu hatua. Hatua yake ilikuwa sentimita sabini na mbili, alisema, naye alitaka kujua kama uzee unaipunguza. "Muzee, panda, nitakusogeza bure!" dereva anaita. Yeye kimya, midomo inacheza. Anatokea dereva mwingine, mchokozi, anapunguza mwendo kando yake na kupiga kelele, "Mia tatu! Mia tano na mbili! Elfu!" Hapo hesabu inavurugika, na Muzee anasimama katikati ya vumbi jeusi kumtukana. Matusi yake nayo yalikuwa ya shule: "Wewe hauna metode!" Siku hiyo anafika darasani na uso wa mtu aliyeibiwa, na sisi tunajua kabisa interro, jaribio la ghafla, iko njiani.

Kazi ya nivo si ngumu kuelewa. Hata baba yangu aliielewa, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Maniema, ingawa hakukubali kamwe binti yake azunguke juani na vijiti. Unaanzia kwenye alama ambayo urefu wake unajulikana. Unazunguka mtaa ukipima kituo kwa kituo, kisha unarudi palepale ulipoanzia. Urefu uliorudi nao unapaswa kulingana na ule uliotoka nao. Haulingani. Daima zinabaki milimita tatu, tano, nane, maana jicho ni jicho na upepo ni upepo. Unaziandika bila aibu. Zikizidi kiasi, unarudia kazi.

Mwaka wangu wa mwisho, sisi wanne tulipewa kupima kipande cha mtaa wa Himbi, kando ya kuta za maofisi ya mashirika. Mvua ikatukuta tumebakiza vituo vitatu. Tukakimbilia kibanda cha mama mmoja wa chai na mandazi, na humo, midomo imejaa, tukazipika namba zilizobaki. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilizipika vizuri, wallahi. Tulifunga na sifuri kamili, tukapongezana.

Muzee alifungua kanye, yaani daftari letu la uwanjani, akatazama chini ya ukurasa, akalifunga.

"Mvula ilinyesha saa ngapi?"

"Saa nane, Muzee."

"Na mulimaliza saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Kanye haikulowana. Na munaniletea zero." Alivua miwani. "Mutoto yangu, zero iko ya Mungu peke yake. Batu banarudiaka na kosa."

Nilingoja atupe alama mbaya, hiyo ningeielewa. Hakutupa chochote. Jumapili, baada ya misa yake, alikuja Himbi na suruali ya kanisani, akasimama nasi mpaka tulipozunguka upya. Tulifunga na milimita sita. Akaandika "sawa" kwa kalamu nyekundu, akaondoka zake. Miaka tisa ya usaidizi nimekamata sifuri nyingi, na kila kundi linadhani limevumbua.

Basi mtu huyohuyo, bwana wa mteremko, maji yalikuwa yanaingia jikoni kwake. Nyumba yao ya mbao ilikaa juu ya mawe ya volkano, imeinamia uwanja wa jirani, na mvua ikianza mkewe anapandisha vikapu juu ya meza. Mlango haufungiki mpaka uupige goti. "Anapimiaka bengine," mkewe aliniambia siku ya kwanza nilipofika, akicheka mpaka akashika ukuta. "Ya kwetu anasema ataipima akipata nafasi. Niko nangoja tangu mutoto wa kwanza!"

"Ya nyumba haina haraka," Muzee alijibu. Hakuinua macho kutoka kwenye kanye za wanafunzi.

Tena alikuwa mchoyo, tuseme ukweli. Kitabu chake, kilichofunikwa kwa gazeti, hakuazima mtu. Ukitaka kukisoma unakaa mbele yake unakisoma. Vipande vya chaki alivirudisha mfukoni. Na sifa? Thubutu! Aliyefanya vizuri aliambiwa "Endelea," na aliyeharibu kabisa aliambiwa pia "Endelea," ikabidi umtazame usoni ujue ni endelea gani. Mwaka wangu wa kwanza wa usaidizi aliniachia somo moja nilitayarishe, somo la maji yanavyokata ardhi. Alinirudishia mara tano. Mara ya tano nilikuwa karibu kulia, nikamwuliza kosa liko wapi, maana namba zote zilikuwa sawa.

"Namba ziko muzuri," alisema. "Lakini huu muto wa Ulaya, nani hapa ameuvuka?"

Nilitoa mto, nikaweka mfereji wa barabara ya Ndosho, ule unaofurika na kumwaga takataka mbele ya maduka. Siku hiyo wanafunzi walibishana nami mpaka saa ikapita. Muzee alikaa nyuma, na nadhani alisinzia.

Mabadiliko mengine yalikuja kabla ya vita, kwa mlango wa ofisi. Tulipoletewa mfumo mpya wa krediti, somo lake lilikatwa theluthi ya saa zake. Wenzake waliandika barua, wakaitisha mikutano, wakalalamika koridoni mwaka mzima. Yeye alinikalisha majuma mawili tukapitia somo ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa aliniuliza swali lilelile: "Kama mutu atasahau yote, abakie na nini?" Tulifuta mengi. Kulikuwa na fomula moja aliyoipenda kupita kiasi, inayojaza ubao asubuhi nzima. Aliisoma kwa sauti, peke yake, kama mtu anayesoma barua ya zamani, akaipiga mstari. Nilimhurumia, naye akaniambia nigeuze ukurasa.

Zilipokuja simu zinazotaja urefu wa mahali kwa kubonyeza tu, alizicheka mwezi mzima. Jumamosi moja nikamkuta kwenye benchi la wanafunzi, daftari mbele yake, na mtoto wa mwaka wa kwanza yuko ubaoni anamfundisha simu. Muzee alikuwa anainua mkono kabla ya kuuliza. Juma lililofuata alitupeleka wote kwenye ngazi za chuo tupime kidaraja kimoja kwa simu na kwa nivo. Simu ilipotea kwa mita nzima na zaidi. "Simu haiko mubaya," alisema. "Lakini ujue inadanganya wapi."

Sasa vita. Nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu wa mji huu ana ya kwake. Chuo kilipofunguliwa tena, mabenki yalikuwa yamefungwa, walimu wengine wamevuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine Bukavu, wengine hatukujua waliko. Kwenye wale sitini wa mwaka wa pili walikuja kama thelathini. Wapo waliofiwa. Tulingoja tusikie Muzee atasema nini. Alifunga dirisha, akalifungua, akafuta ubao. "Tulifika wapi?" Hakuna aliyejibu. Safari hii hakukaa. Akaanza kugawa nusukaratasi za interro.

Kijana mmoja wa nyuma akasimama. "Muzee, batu bamekufa. Na wewe unatuletea interro?"

"Ninajua."

"Hapana, haujue!"

"Haina pointi," Muzee alisema. "Ninataka kuona nini imebakia ndani ya vichwa, nianzie pale."

Kijana alitoka akapiga mlango. Mimi pia nilikasirika, na nilimwambia koridoni kwamba ule ulikuwa ukatili. Akafikiri. "Pengine," akasema. Zile karatasi alizisoma mchana uleule, na kesho yake akaanza upya sura ya pili, polepole, kwa watu ambao walidhani wamefika ya saba. Yule kijana alirudi baada ya juma. Ndiye aliyenieleza kwamba Muzee alifika kwao kwenye kilio cha kaka yake, akakaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki, na neno shule halikutoka kinywani mwake.

Wanafunzi walitaka pia kujua yuko upande gani wa vita. "Ulizeni mwalimu wa uraia," aliwaambia. Mwalimu wa uraia alikuwa amehama. Mimi niliyemjua miaka kumi na miwili, sijui mpaka leo.

Na ile nivo! Katika siku za milio ya risasi, stoo ya chuo ilivunjwa, wakachukua mpaka mabenchi. Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya hasara, nikatia na nivo, nikasaini. Siku ya kufungua, Muzee anaingia ofisini na gunia la makaa begani, anatoa blanketi, na ndani ya blanketi, nivo. Aliichukua siku moja kabla ya stoo kuvunjwa na kuilaza chini ya kitanda chake. Kwa nini hakuniambia, mimi msaidizi wake? "Ungeambia mama yako," alisema. Nilivimba siku tatu, hasa kwa sababu ni kweli ningemwambia. Miguu mitatu ya kuisimamisha ilikuwa imekwenda na wezi, basi akamwendea fundi wa chukudu pale Ndosho, anayechonga zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, akamchongea mingine ya mkaratusi. Mizito hiyo, ilinikata bega.

Ndiye mtu niliyetumwa kumlainisha.

Mara ya kwanza tulikunywa chai, na kila nilipogusa fishi aliniongezea sukari. Mara ya pili nilisema waziwazi. "Muzee, hawa batoto hawana kosa."

"Sijasema bako na kosa. Ninasema hawajue."

"Watajifunza kazini."

"Juu ya bomba ya maji ya nani?"

Aliomba apewe siku tatu za pratiki, nami nikapeleka ombi. Wakubwa walikataa, na sababu zao hazikuwa za kipumbavu: muda umekwisha, na kundi la vijana barabarani na darubini juu ya miguu mitatu, katika siku zile, nani angejua wanapima nini? Niliporudi na jibu hilo, mara ya tatu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanisindikiza mpaka mlangoni, akaupiga goti.

Katikati ya yote alikuwapo Furaha. Furaha ni mmoja wa wale kumi na tisa, binti wa wakulima wa Rutshuru waliokimbilia mjini na kupanga chumba kimoja watu wanane. Alikuwa amepata kazi kwenye mradi wa mabomba ya maji, kazi ya kweli, na walimtaka alete diploma kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Alikuwa ananipigia simu kila asubuhi. Hakulia hata mara moja. Angelia ingekuwa nafuu kwangu. Nilikwenda kwa Muzee mara ya nne, siku ya Jumatano, nikamweleza habari hizo moja kwa moja.

"Bomba za maji?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Njo yeye ataweka mutelemuko?"

"Ndiyo, Muzee."

Mkewe alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, naye akaacha. Kisha Muzee akaomba kalamu yangu, akasaini. Kumi na mbili, mara kumi na tisa, na jina lake chini.

Nilifurahi, bila shaka. Kazi yangu imekwisha, Furaha ameokoka. Lakini niseme na lingine. Nilisikia uchungu. Mtu aliyenirudisha Himbi Jumapili nzima kwa ajili ya vituo vitatu alikuwa ametia saini uongo wa watu kumi na tisa, na mimi ndiye niliyemshikia karatasi. Nilikunja fishi haraka ili nisiione.

"Sasa bako na karatasi," akasema. "Hakuna tena kitu ya kubafunga. Uambie bote: siku ya posho, saa moja ya asubuhi, kwenye kanjia ka nyuma ya chuo. Nimeshaonana na mukubwa wa avenue, amekubali. Tutafanya pratiki."

"Muzee, si wamekwisha kupita?"

"Njo maana. Uandike: haina pointi."

Niliandika kwenye kundi letu la simu. Kwanza niliwapa habari ya saini, na mikono ya shukrani ikamiminika, na picha za watu wanaocheza. Kisha nikaandika habari ya posho, yaani Jumamosi. Mikono ikakoma. Ijumaa nikakumbusha, na mmoja tu akajibu, akauliza kama kutakuwa na cheti cha kuhudhuria.

Jumamosi nilikwenda mapema ili nimwahi, nimwambie hakuna atakayekuja, turudishe vyombo, nimnunulie chai. Nilimkuta amekwisha kusimamisha nivo katikati ya kile kijia, amevaa koti lake la darasani. Saa moja ikafika. Saa moja na nusu akatokea Furaha, amevaa buti za kuazima zilizomzidi, na nyuma yake kijana mmoja mrefu wa darasa lake ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno.

"Wewe si umekwisha kupata kazi?" nilimwuliza Furaha.

"Ninaanza juma ijayo, madame," alisema kwa sauti ya chini. "Banasema kuko chombo kama hii. Sijue nitasema nini."

Wawili kati ya kumi na tisa. Nilimtazama Muzee nione usoni ni endelea gani, na sikuona kitu. Alikuwa anahesabu watu. Kazi ya nivo inataka watatu: mmoja wa jicho, mmoja wa kanye, na mmoja wa kushika mira, ile mbao ndefu yenye namba inayosomwa kwa mbali. Kushika mira ni kazi ya mwisho kabisa katika ufundi wetu. Hupewa kibarua, au mwanafunzi aliyechelewa. Niliinama kuichukua, nikakuta Muzee amekwisha kuiweka begani.

"Muzee, leta."

"Hapana. Wewe fundisha."

"Mimi? Na wewe uko hapa?"

"Nikifundisha mimi, wewe utashika mira, na hawa batakuwa na mwalimu mwenye anabakisha mwaka moja tu." Alivua koti akamkabidhi yule kijana mrefu. "Mimi naenda. Unionyeshe mahali."

Akaenda, mita arobaini kule mbele, mpaka karibu na ukuta wa mawe meusi, akaisimamisha mira na kuishika kwa mikono miwili. Wanawake walipita na mabeseni, wakamsalimu. Dereva wa moto akasimama, akauliza kama kiwanja kinauzwa. Muzee hakugeuza kichwa, kwa sababu anayeshika mira hageuzi kichwa.

Nilianza vibaya. Ulimi ulikuwa mzito, na nilisahau kabisa kuwaambia waangalie kwanza kama nivo imekaa sawa. Nilikumbuka tumekwisha kuandika namba mbili. Nikasema, "Nimekosea, tufute, tuanze upya," na nikangoja kusikia sauti kutoka kule ukutani. Haikuja. Mira ilikuwa wima palepale.

Furaha akarekebisha, akaweka jicho, akaruka nyuma. "Madame! Muzee iko kichwa chini!"

"Nivo za zamani ndivyo zinavyoonyesha," nikamwambia. "Zoea. Utafute uzi wa katikati, kisha usome namba."

Alirudi kwenye darubini, akicheka kwa pumzi. Kijana mrefu alikuwa na kalamu tayari. Furaha alitafuta uzi, akaupoteza, akautafuta tena, na mimi nikajizuia nisimsogeze nikasoma mwenyewe. Muda ulikuwa mrefu. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta, na mikono ya Muzee lazima ilikuwa imeanza kuuma.

Ndipo akapaza sauti kutoka kule, sauti ile ya darasani.

"Mwalimu! Nisogee ao nibakie?"

Miaka yote hiyo alikuwa ameniita mutoto yangu, na mbele ya watu, msaidizi.

"Bakia, Muzee," nikasema. "Hajamaliza kusoma."